Pine Ridge, Dakota Kusini

Pine Ridge (kwa Kilakota: Wazí Aháŋhaŋ) ni mji mdogo wa Marekani katika jimbo la Dakota Kusini, kaunti ya Oglala Lakota, kilomita 3 hivi kaskazini mwa mpaka wa jimbo la Nebraska. Kadiri ya sensa ya mwaka 2020 ulikuwa na wakazi 3,138. Karibu wote ni Waoglala, mojawapo ya makundi saba ya Walakota. Nao Walakota ni tawi la magharibi la watu wanaojulikana duniani kwa jina la Wasioux.

Mji huo ni makao makuu ya Hifadhi ya Pine Ridge, yenye eneo la karibu km² 9,000. Ulianzishwa mwaka 1878 kama kituo cha serikali cha kugawia posho na kuwasimamia watu walioshindwa kuzuiwa kwa vita. Historia yake tangu hapo ni habari ya watu waliokigeuza kituo hicho kuwa kwao, huku swali la nani mwenye ardhi likiendelea kubishaniwa mpaka leo.

Majina

Neno "hifadhi" lisimchanganye msomaji aliyezoea hifadhi za wanyamapori. Hifadhi ya wakazi asilia wa Marekani, au Waindio kama wanavyoitwa pengine, si eneo lililotengwa ili watu wahifadhiwe, wala si zawadi ya serikali. Kisheria ni ile sehemu ya nchi ambayo wenyeji walijibakizia wenyewe kwa mkataba walipokubali kuacha sehemu nyingine. Tofauti hii ndiyo msingi wa madai yote ya Waoglala mahakamani.

Jina "Sioux" si la kwao pia. Ni kipande cha neno walilolitumia majirani zao Waojibwe, lililofupishwa na wafanyabiashara Wafaransa. Wenyewe hujiita Lakota, Dakota au Nakota kufuatana na lahaja. Hata hivyo jina la kigeni limebaki katika hati za serikali, na serikali ya kabila yenyewe hutumia jina rasmi la Kabila la Waoglala Sioux.

Kaunti nayo imebadilishwa jina. Hadi mwaka 2015 iliitwa Shannon, kwa jina la jaji aliyekuwa mmoja wa wajumbe waliotumwa mwaka 1882 kuwashawishi Wasioux waachie sehemu kubwa ya nchi yao. Mwaka 2014 wapiga kura waliamua kwa wingi mkubwa iitwe Oglala Lakota.

Jiografia

Mji uko katika bonde la kijito cha White Clay, kati ya mbuga za nyasi na vilima vyenye misonobari, ambayo ndiyo iliyoupa jina lake. Kaskazini ya hifadhi kuna Badlands, nchi kame ya udongo uliochongwa na mvua na upepo. Upande wa kaskazini-magharibi kuna milima ya Black Hills, ambayo Walakota huiita Ȟe Sápa na kuihesabu kuwa takatifu. Mji mkubwa wa karibu ni Rapid City, zaidi ya kilomita 150 kwa barabara. Kipupwe huwa na dhoruba za theluji zinazoweza kufunga njia kwa siku kadhaa. Kiangazi joto hupita nyuzi 35 za selisiasi.

Historia

Kabla ya mji

Katika miaka ya 1866 hadi 1868 Waoglala na wenzao, chini ya Red Cloud (Maȟpíya Lúta), walipigana na jeshi la Marekani lililojenga ngome katika njia ya kwenda machimbo ya dhahabu ya Montana. Walishinda. Serikali iliziacha ngome hizo, na kwa Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 ikakubali kwamba nusu yote ya magharibi ya Dakota Kusini ya leo, pamoja na Black Hills, itakuwa nchi ya Wasioux. Mkataba uliweka sharti muhimu: hakuna sehemu itakayoachwa baadaye bila sahihi za robo tatu ya wanaume wote watu wazima.

Sharti hilo halikudumu hata miaka kumi. Mwaka 1874 msafara wa jeshi ulioongozwa na George Custer ulitangaza kwamba kuna dhahabu katika Black Hills, na wachimbaji wakamiminika. Mwezi Juni 1876 Custer na kikosi chake waliangamizwa kando ya mto Little Bighorn. Bunge la Marekani lilijibu kwa kutangaza kwamba Wasioux hawatapewa chakula tena mpaka waiachie milima. Wakati huo makundi ya nyati wa Amerika waliyoyategemea yalikuwa yakimalizwa na wawindaji, kwa hiyo posho ilikuwa ni uhai. Sahihi zilizopatikana zilikuwa za takriban asilimia 10 tu ya wanaume, lakini tarehe 28 Februari 1877 sheria ya kutwaa Black Hills ilipitishwa hata hivyo.

Kituo cha posho

Watu wa Red Cloud walikuwa wamehamishwa na serikali mara kadhaa, kutoka mto Platte hadi kaskazini-magharibi mwa Nebraska, kisha hadi karibu na mto Missouri, kabla ya kufika kijito cha White Clay katika vuli ya mwaka 1878. Mwaka uliofuata aliwasili wakala mpya wa serikali, daktari Valentine McGillycuddy, na kituo hicho kiliitwa Pine Ridge. Wakala alikuwa na mamlaka karibu juu ya kila kitu: nani apate posho, nani atoke nje ya hifadhi kwa ruhusa, watoto gani waende shule. Aliunda polisi wa Walakota wenyewe, na kwa miaka saba alivutana na Red Cloud juu ya swali la nani hasa mkuu wa Pine Ridge. Red Cloud hakuwa na silaha tena, ila alijua kuandika malalamiko Washington, na alijua kungoja: McGillycuddy aliondolewa mwaka 1886, naye Red Cloud akabaki pale mpaka kifo chake tarehe 10 Desemba 1909.

Siku ya posho ndiyo iliyoujenga mji. Familia zilikuwa zimetawanyika kando ya vijito, kila ukoo mahali pake, na zilikuja kituoni kwa mikokoteni kuchukua nyama, unga, kahawa na sukari. Pembeni ya maghala yakatokea maduka, ofisi, makanisa na shule. Wajesuiti, kwa ombi la Red Cloud mwenyewe, walifungua misheni ya Rozari Takatifu nje kidogo ya mji mwaka 1888. Yeye amezikwa katika makaburi yake.

Mwaka 1882 amri ya rais iliongeza kipande cha ardhi upande wa Nebraska, maili 50 za mraba, ili wauza pombe wasisogee karibu na kituo. Theodore Roosevelt alikirudisha kwa umma mwaka 1904. Matokeo yake yataelezwa chini.

Desemba 1890

Mwaka 1889 nchi kubwa ya Wasioux ilikatwa vipande sita, Pine Ridge ikiwa kimojawapo, na mamilioni ya ekari katikati yakafunguliwa kwa walowezi. Mara baada ya hapo posho ya nyama ilipunguzwa sana, mvua zikakosekana na magonjwa yakaua watoto wengi. Katika hali hiyo zikafika habari za Wovoka, nabii wa Wapaiute huko Nevada, aliyefundisha kwamba kwa kucheza ngoma fulani wafu watarudi, nyati watarudi na dunia itafanywa upya. Ngoma hiyo, iliyoitwa na wageni Ngoma ya Mizimu, haikuhubiri vita. Lakini wakala mpya wa Pine Ridge, asiye na uzoefu wowote, alishikwa na hofu akaomba jeshi.

Tarehe 15 Desemba 1890 Sitting Bull aliuawa na polisi wa kabila waliotumwa kumkamata katika hifadhi ya Standing Rock, kaskazini. Kundi la Wamniconjou 350 hivi, wengi wao wanawake na watoto, likaogopa na kuelekea kusini chini ya chifu Big Foot, aliyekuwa mgonjwa wa kichomi. Walikuwa wakienda Pine Ridge kutafuta ulinzi wa Red Cloud. Wapanda farasi wa Kikosi cha 7, kile kile kilichokuwa cha Custer, waliwazuia na kuwalaza kando ya kijito cha Wounded Knee, kilomita 25 hivi kutoka mjini. Asubuhi ya tarehe 29 askari walipokuwa wakiwanyang'anya bunduki, risasi moja ililia katika purukushani, na mara askari wakafyatua, pamoja na mizinga minne iliyokuwa imeelekezwa kambini kutoka kilimani. Wengi waliuawa wakikimbia, wengine kilomita kadhaa mbali. Idadi ya Walakota waliokufa hukadiriwa kati ya 150 na 300. Askari 25 hivi walikufa pia, baadhi yao labda kwa risasi za wenzao.

Majeruhi wachache walioletwa mjini usiku ule walilazwa juu ya nyasi kavu katika kanisa la Kiepiskopali, baada ya mabenchi kutolewa nje. Mapambo ya Krismasi yalikuwa bado yametundikwa. Aliyewatibu ni Charles Eastman (Ohiyesa), Mdakota aliyehitimu udaktari Boston, ambaye alikuwa amefika Pine Ridge wiki chache tu zilizopita. Dhoruba ya theluji ilipotulia, siku ya Mwaka Mpya, aliongoza watu kwenda Wounded Knee kutafuta waliosalia, na baadhi walipatikana wakiwa hai chini ya theluji, wakiwemo watoto wachanga. Miili 146 ilizikwa na serikali katika handaki moja juu ya kilima.

Askari wapatao 20 walipewa Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya jeshi la Marekani, kwa sababu ya matendo yao siku zile. Mwaka 1990, baada ya miaka mia moja, Bunge la Marekani lilitamka masikitiko yake rasmi. Nishani hazijafutwa.

Ardhi

Sheria ya mwaka 1887 iliagiza ardhi za hifadhi zigawanywe kwa mtu mmoja mmoja. Huko Pine Ridge ugawaji ulianza mwaka 1904. Lengo lilikuwa kuwafanya Waoglala wakulima wadogo, ingawa nchi ile ni kavu na inafaa zaidi kwa ufugaji. Baadhi ya vipande viliuzwa kwa wageni mara tu wenyewe waliporuhusiwa kuviuza, na upande wa kusini-mashariki kaunti nzima ya Bennett ilifunguliwa kwa walowezi.

Vipande visivyouzwa vilibaki kuwa ardhi ya amana: mwenye nacho anakimiliki, lakini serikali ya Marekani ndiyo inayoshika hati. Mwenyewe alipokufa, ardhi haikukatwa; warithi wote walipata hisa katika kipande kile kile. Baada ya vizazi vinne au vitano kipande kimoja kinaweza kuwa na wamiliki mia na zaidi, wengine wasiofahamiana. Kujenga nyumba juu yake kunahitaji ridhaa ya wengi wao, kwa hiyo njia rahisi imekuwa kukikodisha kwa mfugaji kupitia ofisi ya serikali na kugawana kodi, ambayo kwa mtu mmoja huweza kuwa senti chache kwa mwaka. Tena benki haziko tayari kutoa mkopo kwa nyumba iliyo juu ya ardhi isiyoweza kutwaliwa. Ndiyo sababu mtu anayeshangaa kwa nini watu wenye maelfu ya ekari wanaishi katika nyumba za matela, familia mbili au tatu pamoja, hana budi kuanza na hati za ardhi. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2022 fedha za fidia zilizotokana na kesi kubwa juu ya usimamizi wa amana hizo zilisaidia kabila kununua hisa ndogo ndogo kutoka kwa waliopenda kuuza.

Mwaka 1942 serikali ilitwaa zaidi ya ekari 340,000 za kaskazini mwa hifadhi kwa ajili ya mazoezi ya kudondosha mabomu kutoka ndegeni. Familia zaidi ya mia moja ziliambiwa zihame kwa muda mfupi sana, wakati vijana wao wengi walikuwa vitani chini ya bendera ya nchi hiyo hiyo. Sehemu ya eneo hilo leo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Badlands.

Kuhusu Black Hills, Wasioux walikwenda mahakamani kuanzia mwaka 1923. Tarehe 30 Juni 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba milima ilitwaliwa kinyume cha katiba bila malipo ya haki, ikathibitisha fidia ya dola milioni 100 na ushei. Makabila yote ya Wasioux yaliyohusika yalikataa kuzipokea, kwa hoja kwamba kupokea ni kuuza, na milima haiuzwi. Fedha hizo zimewekwa hazina na kwa riba zimepita dola bilioni moja. Kukataa huko hakueleweki kwa wageni wengi, maana kaunti hiyo ni miongoni mwa zile maskini kabisa za Marekani. Wako Walakota pia wanaosema zichukuliwe. Ila hakuna kiongozi aliyechaguliwa kwa kuahidi hivyo.

Miaka ya 1970

Katiba ya kabila iliyopitishwa mwaka 1936, kwa kufuata mfano uliotoka Washington, iliweka baraza la wajumbe na mwenyekiti anayechaguliwa kila baada ya miaka miwili. Wazee wengi waliiona kuwa ngeni kwa desturi ya kuamua mambo kwa mazungumzo ya koo. Mvutano huo ulilipuka chini ya Richard Wilson, aliyechaguliwa mwaka 1972 na kushtakiwa na wapinzani wake kwa upendeleo na kwa kutumia wanamgambo kuwatisha watu. Jaribio la kumwondoa kwa kura ya baraza lilishindwa.

Tarehe 27 Februari 1973 wazee wa Waoglala, na hasa wanawake, waliliomba Shirika la Waindio wa Marekani (AIM) liwasaidie. Watu 200 hivi wakaingia kijiji cha Wounded Knee na kukishikilia kwa siku 71, wakizingirwa na polisi wa serikali kuu wenye magari ya deraya. Walidai Wilson aondolewe na mkataba wa 1868 uheshimiwe. Wawili kati yao, Frank Clearwater na Lawrence Lamont, waliuawa kwa risasi, na afisa mmoja wa serikali alipooza. Wilson hakuondolewa, mwaka 1974 alimshinda Russell Means wa AIM katika uchaguzi ambao tume ya serikali ya haki za raia iliukuta umejaa udanganyifu.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya mauaji mengi, na mengine hayajapata jawabu mpaka leo. Tarehe 26 Juni 1975 maafisa wawili wa FBI, Jack Coler na Ronald Williams, pamoja na kijana Mwindio, Joseph Stuntz, waliuawa katika mapigano ya risasi karibu na kijiji cha Oglala. Leonard Peltier wa AIM alihukumiwa kifungo cha maisha mara mbili kwa kifo cha maafisa hao, katika kesi iliyobishaniwa duniani kote. Rais Joe Biden alibadili adhabu yake kuwa kifungo cha nyumbani mnamo Januari 2025.

Mjini Pine Ridge matukio hayo hayasimuliwi kwa namna moja. Familia moja inaweza kuwa na mzee aliyekuwa ndani ya Wounded Knee na mwingine aliyekuwa upande wa Wilson, na wote wawili wakakaa meza moja msibani.

Utawala

Serikali ya kabila ina rais, baraza linalowakilisha wilaya tisa za hifadhi, mahakama na polisi wake. Mwaka 2004 Cecilia Fire Thunder alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais. Makosa makubwa ya jinai, kama mauaji, hayahukumiwi na kabila bali na serikali kuu, kwa sheria ya mwaka 1885. Polisi wa jimbo la Dakota Kusini hawana mamlaka juu ya Waoglala ndani ya hifadhi. Uwezo huo ulionekana wazi mwaka 2020, kabila lilipoweka vizuizi barabarani kuzuia UVIKO-19 na kukataa kuviondoa gavana wa jimbo alipodai.

Marais wawili wa Marekani walitembelea Pine Ridge wakiwa madarakani: Calvin Coolidge mwaka 1927 na Bill Clinton mwaka 1999. Ajira nyingi mjini ni za serikali ya kabila, shule na hospitali inayoendeshwa na Idara ya Afya ya Waindio. Huduma ya hospitali hiyo si hisani. Ni sehemu ya malipo yaliyoahidiwa kwa ardhi iliyoachwa. Wakazi huilalamikia kwa upungufu wa wahudumu, na kaunti ni miongoni mwa zile ambazo watu wake huishi miaka michache zaidi nchini.

Pombe na kijiji cha Whiteclay

Pombe imepigwa marufuku katika hifadhi kwa karibu muda wote wa historia yake. Lakini pale ambapo ukanda wa kinga ulifutwa mwaka 1904 kilikua kijiji cha Whiteclay, Nebraska, chenye wakazi wasiozidi kumi na watano na maduka manne ya bia. Maduka hayo yaliuza makopo milioni kadhaa kwa mwaka, karibu yote kwa watu wa Pine Ridge. Waoglala waliandamana kwa miaka mingi wakitaka yafungwe. Wengine walipendekeza kabila liruhusu pombe na kuitoza kodi ili kulipia matibabu. Kura ya mwaka 2013 ilipitisha wazo hilo kwa tofauti ndogo, ila halikutekelezwa. Mwaka 2017 Nebraska ilikataa kuyapa maduka hayo leseni mpya, nayo yakafungwa. Ulevi haukwisha, kwa kuwa kuna miji mingine mbele kidogo, lakini watu waliokuwa wakilala kando ya barabara ya Whiteclay hawaonekani tena.

Maisha ya jamii

Kiini cha maisha ni tiyóšpaye, yaani ukoo mpana wa ndugu wanaoishi karibu na kusaidiana. Binamu upande wa kaka wa baba au dada wa mama huitwa ndugu, si binamu, na dada wa mama ni mama. Bibi na babu hulea wajukuu mara nyingi. Mtu akipata mshahara, wengi hula. Akiwa na gari, ni la shida za wote. Hapo ndipo takwimu za ukosefu wa ajira zinaposhindwa kueleza jinsi watu wanavyoishi.

Msiba hukusanya mji. Marehemu hukeshewa hadi siku mbili katika ukumbi au katika uwanja wa ndani wa shule, kwa sala za Kikristo na nyimbo za Kilakota kwa pamoja, na kila anayefika hulishwa. Mgeni aliyezoea huja na vyombo vyake, kwa sababu chakula kinachobaki, kiitwacho watéča, ni lazima kibebwe nyumbani. Kukiacha ni kumvunjia heshima aliyepika. Baada ya mwaka familia hufanya karamu ya kuondoa matanga na kugawa mali: mablanketi, vyombo, na juu ya yote mablanketi ya viraka yenye nyota kubwa katikati, yaliyoshonwa na wanawake kwa miezi mingi. Kwa Walakota heshima ya mtu hupimwa kwa alichotoa.

Ngoma ya Jua, ibada kuu ya kiangazi, ilikatazwa na serikali mwaka 1883. Iliendelea kwa siri, ikarudi hadharani katika karne ya 20, na uhuru wake ulithibitishwa na sheria ya mwaka 1978. Mara nyingi wageni hawaruhusiwi kupiga picha. Tofauti na hiyo, wačhípi, yaani tamasha la ngoma la mwezi Agosti, liko wazi kwa wote, pamoja na mashindano ya kupanda farasi wakali. Wakatoliki wengi wa hifadhi hawaoni ugomvi kati ya misa na bomba takatifu. Mfano wao ni Nicholas Black Elk (1863-1950), mganga wa kimila na katekista, aliyekuwepo Wounded Knee akiwa kijana. Kesi ya kumtangaza mtakatifu ilifunguliwa mwaka 2017.

Kila Desemba wapanda farasi, wengi wao vijana, huifuata njia ya Big Foot katika baridi kali hadi kilimani Wounded Knee. Ardhi wanayofikia ilikuwa imepita mikononi mwa watu binafsi tangu enzi za ugawaji. Mwaka 2022 Waoglala na kabila la Cheyenne River waliafikiana kununua pamoja ekari 40 za mahali hapo kwa dola 500,000.

Elimu na lugha

Shule za bweni za zamani ziliadhibu watoto kwa kusema Kilakota, na wengi walipelekwa mbali hadi Carlisle, Pennsylvania. Leo lugha iko hatarini kwa sababu hiyo: wanaoijua vizuri ni wazee zaidi. Shule ya misheni, ambayo sasa inaitwa Maȟpíya Lúta, ina madarasa yanayofundishwa kwa Kilakota, na imeanza kuchunguza yaliyotendeka katika historia yake yenyewe. Chuo cha Oglala Lakota, kilichoanzishwa na kabila mwaka 1971, kina vituo katika kila wilaya ili wazazi wasome bila kuhama. Redio KILI, inayomilikiwa na jamii, ilianza kurusha matangazo mwaka 1983 na hutangaza misiba, michezo na mikutano ya baraza. Gazeti la Lakota Times lilianzishwa mjini mwaka 1981 na Tim Giago, baadaye likawa la nchi nzima kwa jina la Indian Country Today.

Michezo

Mkazi wa Pine Ridge anayejulikana zaidi nje ni Billy Mills, aliyezaliwa mjini mwaka 1938 na kuwa yatima kabla ya kutimiza miaka 13. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 alishinda mbio za mita 10,000 kwa dakika 28:24.4, akiwapita Mohammed Gammoudi wa Tunisia na Ron Clarke wa Australia katika hatua za mwisho. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa wa nne. Hakuna Mmarekani mwingine aliyewahi kushinda mbio hizo kwenye Olimpiki, na tangu wakati huo Waafrika wa mashariki wamezifanya karibu kuwa zao.

Mchezo wa mji wenyewe ni mpira wa kikapu. Mwaka 1989 SuAnne Big Crow aliipatia timu ya wasichana ya sekondari ya Pine Ridge ubingwa wa jimbo kwa kikapu cha sekunde ya mwisho, na msafara wa magari ukawapokea mpakani mwa hifadhi na kuwasindikiza hadi mjini. Alikuwa akizungumzia kujenga mahali salama pa vijana kukaa bila pombe. Alifariki katika ajali ya gari mwezi Februari 1992 akiwa na miaka 17, njiani kwenda kwenye karamu ya tuzo za mchezo huo. Mama yake aliomba jengo lililokuwa halitumiki, na kituo cha vijana chenye jina la binti huyo kiko wazi mjini hadi leo.